Wakikwambia hukucheza, wape habari za McLendon

"Shikamoo madam. Mimi ni mwalimu mgeni kwenye shule moja ya kata huku Manyara, nafundisha Jiografia. Mkuu wa shule kanikabidhi timu ya mpira wa kikapu kwa sababu mimi ndiye kijana kuliko wote ofisini. Sikuwahi kucheza kikapu, mimi ni mtu wa riadha. Kuna kaka za mtaani huwa wanakuja kucheza jioni kwenye uwanja wetu, wananicheka, wanasema mtu ambaye hakucheza atafundisha nini. Nirudishe mipira kwa mkuu au nifanyeje? Na kama nikibaki nayo, Jumatatu nianze na zoezi gani?"

Marahaba mdogo wangu. Mipira usiirudishe. Hayo mengine nitakujibu hapa hapa hadharani, maana ujumbe wa namna hii naupata mara nyingi, na kila ukija unanigusa penye donda.

Wanaonifuatilia siku nyingi wanajua mimi ni mtu wa netiboli. Nimecheza senta tangu shule ya msingi mpaka chuo cha ualimu. Kikapu nilikikuta kazini, kama wewe, kwa sababu aliyekuwa anafundisha alihamishwa na mabinti wakabaki wanarusha mpira ovyo hadi kiza kinaingia. Nikawachukua. Mabinti hao hao wakaja kuchukua ubingwa wa wilaya mbele ya shule zenye uwanja wa sakafu laini na jezi za kuchapishwa majina mgongoni. Basi jina langu likapelekwa kwenye kamati moja iliyokuwa inatafuta kocha wa kikosi cha wasichana. Nimekaa nje kwenye benchi nasubiri kuitwa, mlango uko nusu wazi, nikamsikia mjumbe mmoja anauliza, "Huyu si yule mama wa netiboli?" Wakacheka. Kazi akapewa kaka mmoja aliyewahi kuwa nyota wa mtaa wao, ambaye mazoezini alikuwa anakaa ndani ya gari anachezea simu. Sijasahau. Na sitaki kujifanya nimesahau ili nionekane mwema.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za John McLendon, kocha wa kikapu wa Marekani, sikulala mapema siku hiyo.

Wengi wetu kikapu cha vyuo vya Marekani tulianza kukijua kupitia Hasheem Thabeet, kijana wetu aliyecheza Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009. Tukimaliza hapo tunajua John Wooden, kwa sababu UCLA yake, chuo kikuu cha huko Los Angeles, ilichukua ubingwa wa taifa mara 10 ndani ya miaka 12, na kwa sababu maneno yake yamebandikwa kwenye kila ukurasa wa hamasa. Mzee Wooden nampenda. Alikuwa anaanza msimu kwa kuwafundisha vijana wa chuo kikuu kuvaa soksi ili wasipate malengelenge, na mimi zoezi hilo ninalo mpaka leo. Lakini ubingwa wake wa kwanza UCLA ulikuja mwaka 1964. Kabla ya hapo kulikuwa na kocha aliyeshachukua ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, wa kwanza kufanya hivyo katika kikapu cha vyuo. Huyo humkuti kwenye kurasa za hamasa. Alikuwa mweusi, na alifundisha vyuo vya weusi.

McLendon alizaliwa mwaka 1915 Hiawatha, mji mdogo wa Kansas. Sekondari alijaribu kuingia timu ya shule, hakuchaguliwa. Akabaki pale pale kama meneja wa timu, yule kijana wa kubeba mipira na taulo. Mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Kansas kusomea elimu ya viungo, na huko hata kujaribiwa hakujaribiwa, kwa sababu timu ya chuo haikuchukua mweusi. Kocha wa Kansas wakati huo alikuwa Phog Allen, jina kubwa kweli kweli, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Sasa sikiliza mlango alioingilia. Pale Kansas alikuwepo mzee mmoja, Profesa James Naismith, Mkanada. Huyu ndiye aliyeubuni mchezo wenyewe mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, alipotundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi ili vijana wapate la kufanya wakati wa baridi. Baba yake McLendon alimwambia kijana, ukifika nenda kwa mzee huyo umwambie yeye ndiye mlezi wako wa masomo. Kijana akaenda, akasema hivyo hivyo alivyotumwa. Mzee akauliza, nani kasema? Baba yangu. Basi, akajibu mzee, baba huwa hakosei, ingia. Nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu. Hakuna barua ya utambulisho wala "nakuja kwa jina la fulani". Kijana katumwa na baba, na mzee kampokea.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa uwaambie hao kaka zako wa jioni. Naismith alikuwa kocha wa kwanza wa Kansas. Alishinda mechi 55 akafungwa 60, na mpaka leo ndiye kocha pekee katika historia ya chuo kile aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Aliyeuumba mchezo! Tena inasemekana Allen alipomwambia anakwenda kuwa kocha wa kikapu, mzee alimjibu kuwa mchezo huu haufundishwi, unachezwa tu. Kwa hiyo kama kuujua mchezo na kuufundisha vingekuwa kitu kimoja, Naismith asingefungwa na mtu.

McLendon alimfuata mzee kila alipokwenda, akimuuliza maswali. Alichokiokota kwake kilikuja kuwa kazi ya maisha yake. Enzi hizo timu nyingi zikipoteza mpira zilirudi nyuma taratibu kujipanga, zikiupata zilitembea nao mbele taratibu vile vile. Naismith akamwonyesha watoto wanavyocheza wakiwa peke yao bila mkubwa, kwamba mpira ukienda huku wote huku, ukienda kule wote kule, hakuna anayesubiri. Shambulia pale pale unapoupata mpira, kaba pale pale unapoupoteza. Uwanja mzima. Leo tunaona ni jambo la kawaida, kila timu ya sekondari inakaba uwanja mzima dakika ya mwisho ikiwa nyuma. Wakati ule lilionekana fujo.

Na chuo chenyewe hakikumpokea kama mzee alivyompokea. Wanafunzi wa elimu ya viungo walitakiwa wafaulu kuogelea. Wakataka kumpa McLendon alama bila kuogelea, mradi asiingie kwenye maji ya wazungu. Akaingia. Wakalimwaga bwawa zima. Hakuacha kudai, Naismith akawa upande wake, na mwishowe bwawa likawa la wanafunzi wote. Mwaka 1936 akahitimu, mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya viungo pale, kisha akaenda Iowa kwa shahada ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ni huu: soma mchezo. Hukucheza, basi soma. Mimi nilichukua kitabu cha sheria nikakisoma kama ninavyosahihisha mitihani, kwa kalamu nyekundu. Mechi za ligi ya mkoa nilikuwa nakaa karibu na meza ya waamuzi, wakati wa mapumziko namuuliza refa kwa nini ile umeita hatua, yaani kutembea na mpira bila kudunda, na ile umeiacha. Marefa wanapenda kuulizwa kwa adabu, hakuna mtu anayewauliza kwa adabu. Mtu aliyecheza miaka 10 anaujua mwili wake unavyocheza. Wewe unatakiwa ujue miili 12 ya watu wengine, na hiyo haiji kwa kucheza, inakuja kwa kutazama na kusoma.

Na chochote ulichonacho, kilete. Netiboli waliyonicheka nayo ndiyo iliyonipa ubingwa wa wilaya. Kwenye netiboli hudundi mpira ukitembea, ukiupata lazima uutoe, na mwenzako asipokuwa ameshakimbilia nafasi umekwisha. Na kwa taarifa ya yule mjumbe, netiboli ni mtoto wa kikapu hicho hicho cha Naismith. Kilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wakakicheza kwa namna yao, ikazaliwa netiboli. Basi mimi kipindi cha kwanza cha kila msimu nafuta kudunda. Mabinti wanacheza kikapu bila kudunda hata mara moja. Wiki ya kwanza wanalia. Wiki ya tatu mpira unatoka chini ya goli letu mpaka goli la wapinzani kwa pasi nne, na hakuna mguu uliochoka. Wewe ni mtu wa riadha? Una hazina, ngoja nikuonyeshe kwa nini.

McLendon alifika Durham, North Carolina, mwaka 1937, kwenye chuo cha weusi ambacho leo kinaitwa North Carolina Central. Alianza kama msaidizi, akawa kocha mkuu mwaka 1940, na mpaka anaondoka mwaka 1952 alikuwa ameshinda mechi 239 na kufungwa 68. Alichowazidi wenzake ni pumzi. Vijana wake walikimbizwa mpaka mwendo wa mechi ukawa ndio mwendo wao wa kawaida, na dakika za mwisho wapinzani wanashika magoti wao ndiyo kwanza wanaanza. Mmoja wa vijana aliowaleta chuoni pale ni Sam Jones, aliyekuja kuchukua ubingwa wa NBA mara 10 na Boston Celtics. Mtu wa riadha anayesema hana cha kufundisha kwenye kikapu, mimi simwelewi.

Ila Durham ina hadithi kubwa kuliko hizo zote, na hii nitaisimulia yote.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944. Huo ulikuwa mwezi wa vita, na kusini mwa Marekani sheria ilikuwa mweusi na mweupe hawasomi pamoja, hawali pamoja, kwenye basi hawakai pamoja, sembuse kucheza. Timu ya McLendon, wakiitwa Eagles, ilikuwa imefungwa mechi moja tu msimu mzima. Lakini kwenye mashindano ya taifa ya vyuo hawakuruhusiwa kukanyaga. Upande wa pili wa mji huo huo kuna Chuo Kikuu cha Duke, cha wazungu watupu, na ndani yake timu ya wanafunzi wa udaktari ambao wengi walikuwa wameshachezea vyuo vingine kabla ya kuvaa koti jeupe. Maneno yakaanza chini chini kati ya vijana wa pande mbili: nani mkali? Mwishowe wakakubaliana wakutane.

Walichagua Jumapili asubuhi kwa sababu mji uko kanisani. Wale wa Duke wakaja kwa magari, wakazunguka njia za kuchepuka ili wasifuatwe, na walipofika wakashuka wamejifunika makoti kichwani. McLendon akafunga milango ya ukumbi. Mashabiki hakuna, ila wanafunzi wachache waliohisi kuna jambo wakapanda madirishani kuchungulia. Refa yupo, saa ipo, kila kitu sawasawa na mechi halali, isipokuwa yenyewe si halali. Fikiria mkono wa kijana ambaye hajawahi katika maisha yake kumgusa mzungu, sasa anatakiwa amkabe kifua kwa kifua. Dakika za mwanzo zilikuwa vituko: pasi zinapotea, mipira ya wazi inagonga ringi. Kisha Eagles wakakumbuka wao ni akina nani, wakaanza kukimbia. Mchezo wa Naismith na wale watoto, uwanja mzima, bila kusubiri. Ubao wa mwisho ulisomeka 88 kwa 44.

Kilichonishangaza ni walichofanya baadaye. Walipumzika kidogo, halafu wakachanganyika: wazungu na weusi upande huu, wazungu na weusi upande ule, wengine wamevua mashati ili watambuane, wakacheza tena. Baada ya hapo wakaenda bwenini kuzungumza kama vijana wowote. Mwandishi wa Carolina Times, gazeti la weusi la Durham, alizipata habari na akakubali kutoziandika. Siri ikakaa zaidi ya miaka 50, mpaka mwanahistoria Scott Ellsworth alipoieleza kwenye gazeti la New York Times mwaka 1996.

Usidhani walikuwa wanaigiza hofu. Julai mwaka huo huo, mjini humo humo, askari mweusi aitwaye Booker T. Spicely, akiwa na sare ya jeshi la nchi yake, alibishana na dereva wa basi kuhusu kuhamia viti vya nyuma. Dereva akampiga risasi, akafa. Mahakama ikamwachia dereva. Huo ndio mji ambao kocha mwenye umri wa miaka 28 alifunga mlango wa ukumbi akawaacha vijana wacheze.

Hapa ndipo ninapokasirika na makocha wa siku hizi, mniwie radhi. Tunalia hatuna mechi. Chama hakijapanga ratiba, bajeti haijatoka, mkuu hajasaini kibali. Tafuta mechi! Sekondari ya jirani iko kilomita 6, watoto wanatembea umbali huo kwenda kuchota maji. Piga simu, kubalianeni Jumamosi, beba mpira. Timu isiyocheza mechi ngumu haikui, narudia, haikui, hata uifundishe mazoezi ya NBA. Mimi mabinti zangu nilikuwa nawachezesha na wavulana wa kidato cha nne, kila wiki wanafungwa, na wazazi wawili watatu wakaja kulalamika. Ilipofika mashindano ya wilaya, hakuna msichana aliyewatisha tena.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Kansas City, Missouri, kulikuwa na mashindano ya taifa ya vyuo vidogo, timu 32 zinakusanyika ndani ya wiki moja. Mwaka 1947 yule yule Wooden, akiwa kocha wa Indiana State, alialikwa huko akakataa, kwa sababu waandaaji hawakuruhusu weusi na yeye alikuwa na kijana mmoja mweusi kwenye benchi, Clarence Walker, ambaye wala hakuwa nyota. Mwaka uliofuata katazo likaondolewa, Walker akacheza. Ila hotelini na wenzake hakulala, alitafutiwa nyumba ya weusi mjini. Uwanjani sawa, kitandani hapana.

McLendon na wenzake walipigania kwa miaka mingi vyuo vya weusi viruhusiwe kuingia mashindano hayo. Walipokubaliwa, na yeye akiwa ameshahamia Tennessee A&I huko Nashville mwaka 1954, akaalikwa na timu yake Kansas City. Akatoa sharti: vijana wangu wanalala hoteli ya katikati ya mji kama timu nyingine, na wanakula wanapokula wengine, vinginevyo hatuji. Ubingwa hana bado, jina kubwa hana, na anaweka sharti. Wakakubali. Miaka mitatu baadaye Tennessee A&I ikawa timu ya kwanza ya chuo cha weusi kuchukua ubingwa wa taifa uliochezwa na watu wa rangi zote, kisha ikachukua tena, kisha tena. Nyota wao alikuwa Dick Barnett, yule aliyekuja kuchukua ubingwa wa NBA mara mbili na New York Knicks.

Mimi nasema ubingwa ule ulianzia mapokezi ya hoteli. Mchezaji anayejua mwalimu wake atasimama mlangoni mpaka apewe kitanda, atakukimbilia mpira uliopotea mpaka kwenye matofali. Niliwahi kufika mahali na timu yangu kwenye mashindano fulani, tukaonyeshwa darasa la kulala, sakafu tupu, vumbi la chaki, madawati yamesukumwa ukutani. Mabweni yenye magodoro wamewekwa wavulana, kwa sababu, niliambiwa, wasichana ni wavumilivu. Nikakaa juu ya begi langu mlangoni mwa ofisi ya waandaaji. Sikupiga kelele. Kila aliyepita nilimwamkia kwa heshima na kumwambia nasubiri magodoro. Saa 4 usiku yakaja, yamefungwa kwa kamba juu ya gari. Nahodha wangu, mtoto ambaye siku zote alikuwa anakwepa kukaba, kesho yake alikaba mpaka akatoka na goti linavuja damu, na nilipomwita atoke akakataa kwa kichwa.

Kwa hiyo wapiganie watoto. Maji, chakula, pa kulala, nauli ya kurudi. Kocha anayewapigania watoto wake haulizwi kama alicheza. Nalirudia hili kila mahali na nitalirudia tena, wapiganie watoto.

Maisha ya McLendon baada ya hapo nitayapitia haraka. Aliondoka vyuoni kidogo, akaifundisha Cleveland Pipers, na timu hiyo ilipoingia ligi ya kulipwa mwaka 1961 akawa mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa ligi ya kulipwa yenye wachezaji wa rangi zote. Msimu ukiwa katikati akajiuzulu, baada ya kutoelewana na mmiliki kuhusu malipo ya wachezaji. Mnaona? Mambo ni yale yale, nani anawapigania vijana. Akaenda Kentucky State, na mwaka 1966 akawa kocha mkuu Cleveland State, mweusi wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo kwenye chuo kikuu cha wazungu wengi. Mwaka 1969 akajaribu Denver Rockets ya ligi ya ABA, mechi 28, ushindi 9, akaachishwa. Baada ya hapo alifanya kazi miaka mingi na kampuni ya viatu ya Converse, akizunguka nchi za watu kufundisha kikapu.

Jumba la Heshima la mpira wa kikapu, lenye jina la Naismith mwenyewe, lilimwingiza mwaka 1979. Mnajua walimwingiza kama nani? Kama mchangiaji wa mchezo. Mchangiaji! Mtu mwenye ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo anaitwa mchangiaji, kama mtu aliyetoa elfu 10 za harusi. Walimwingiza kama kocha mwaka 2016. Alikuwa ameshafariki tangu 1999.

Nilipofika hapo nikafunga simu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Maana kuna wajumbe duniani kote, na kila mmoja ana neno lake dogo la kukupunguza: mchangiaji, meneja, mama wa netiboli, kijana wa Jiografia. Ukisubiri wakubadilishie jina ndipo uanze kazi, utazeeka kwenye benchi la nje. Vijana mnaosoma hapa, nawaambia kama dada yenu mkubwa: fanyeni kazi. Wenye kamati watakuja na karatasi zao baadaye, au wasije. Nami najua wengine mtasema madam ana kinyongo. Ninacho, na mabinti zangu bado wana kombe.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa Jiografia, nisije nikahubiri mpaka usiku.

Hao kaka wa jioni usigombane nao. Waombe wawili wenye adabu waje Jumatano wacheze na watoto wako nusu saa, wewe ukae pembeni na daftari uandike kila pasi inayopotea na nani kaipoteza. Mtu anayekucheka ukimwomba akusaidie huwa anaishiwa cha kusema. Na asipokuja, uwanja ni wa shule, una ufunguo wa stoo ya mipira.

Jumatatu anza hivi. Watoto wagawe watano watano, uwanja mzima. Marufuku kudunda. Timu ikifunga, haishangilii, inakaba pale pale chini ya goli mpaka mpira uvuke mstari wa kati. Cheza dakika 4, pumzisha dakika 2, rudia mpaka uone midomo imekauka. Wewe ni mtu wa riadha, mwendo unaujua, usiwaue siku ya kwanza. Wasiokuwa na viatu wacheze na soksi mbili au peku kama uwanja hauna kokoto, na kabla hawajaanza pita na ufagio. Mitupo huru iwe mwishoni, wakiwa wamechoka, kwa sababu kwenye mechi huipigi ukiwa umepumzika. Kila mmoja 10, wenzake wanahesabu kwa sauti, na namba zake unaziandika.

Daftari hilo nitumie picha yake baada ya mwezi. Na mwambie mkuu wako wa shule ndoo ya maji iwekwe uwanjani kabla ya saa 10, isiwe mpaka watoto waende kuomba jikoni.